Viroboto-Maji Wako Wazima

Mtani wangu Mwajuma,

Wadudu wako wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya salamu. Leo asubuhi nimewachungulia kwa lenzi yako, ile yenye mpini uliofungwa uzi mweusi, nikamwona mmoja ana mayai mgongoni. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeumwa na nyoka. Nilipomwonyesha aliinama, akatazama, akasema, "Hongera, baba watoto. Umepata wajukuu." Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Tangu tukuzike nimeshindwa kukuandikia. Mimi huyu, ambaye nimeishi kwa kuandika makala za kuwakera wenye vyeo, nilikaa mbele ya karatasi nikawa kama aliyesahau kusoma. Hasira ninayo, tena ya kutosha kuchemsha maji. Lakini kila nikishika kalamu nakusikia ukiniambia, "Mihayo, punguza sauti, wanashtuka." Ulikuwa ukiniambia hivyo nikisimama karibu na beseni lako. Sijui kama viroboto-maji wana masikio. Nadhani ulikuwa umechoka tu na kelele zangu.

Ulituacha vibaya, Mwajuma. Ulianguka jikoni kwa mama yako ukiwa na mwiko mkononi, presha ikakuchukua kabla gari halijapatikana la kukushusha mjini. Hukuaga. Hukuacha maelekezo. Mtu aliyekuwa akiandika jina kwenye kila chupa hakuacha hata neno moja.

Siku ya pili ya matanga sisi watani wenu Wanyamwezi tulipanda mlimani kama inavyopasa. Nilivaa koti lako jeupe la maabara, nikatembea katikati ya wafiwa nikinyanyua miguu juu juu, nikasema, "Waluguru ninyi, mmezoea mlima mpaka mnapanda hata sakafu! Mwenzenu leo kalazwa sehemu tambarare kwa mara ya kwanza, atapata usingizi kweli?" Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Shangazi mmoja akanijibu, "Nyamaza wewe mbeba mizigo! Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu kichwani, na wewe utashuka na sufuria." Nilifurahi. Msiba bila utani ni kama kidonda kilichofungwa bila kusafishwa.

Ila nilipokwenda nyuma ya nyumba nilisikia dada zako wakigawana vyombo, na mmoja wao akauliza, "Haya maji ya mbu nani anayamwaga? Beseni nalitaka."

Mwajuma, nilisahau umri wangu. Niliruka kizingiti. Unaijua ile haki yetu ya mtani kunyakua kitu cha marehemu na kukishikilia mpaka wafiwa wakikomboe: nilikumbatia beseni na chupa zako zote, nikatangaza kwamba ni mateka wangu. Mjomba wako Kondo akaja na kuku, akacheka, akasema, "Haya mtani, shika ukombozi wako, tuachie beseni." Nikamkataa kuku. Watu wakaguna. "Mnyamwezi kakataa kuku! Basi Kiyama kimefika." Mama yako ndiye aliyemaliza maneno. Alisema kwa upole, "Mwacheni. Anajua alichochukua."

Sikujua, lakini sikumwambia.

Nilidhani kufuga viroboto-maji ni kazi ya kuwatazama. Nikagundua kwamba hawataki maji ya bomba letu la Kilakala, dawa iliyomo inawaua, kwa hiyo kila wiki nilipanda mlimani kuchota maji pale juu kwenye mawe ulikokuwa ukichota wewe. Dereva wa bodaboda aliyezoea kunibeba akaniuliza, "Mzee, mjini kote huko maji hamna mpaka uje uibe ya Waluguru?" Hamira, chakula chao, nilizidisha mara moja, maji yakawa kama togwa, nusu yao nikawapoteza. Nililia. Usimwambie mtu huko uliko. Nilikwenda dukani kwa Bi. Nargis kutafuta chupa za achari zilizo tupu, na alipojua kazi yake akaniangalia juu ya miwani: "Mwandishi, magazeti hayalipi tena, sasa unafuga viroboto?" Akanipa chupa, akakataa malipo, akaniagiza nizisuuze sana kwa sababu mafuta ya achari hayatoki kirahisi. Hilo lilikuwa kweli.

Nilipoweza kuwafanya waishi, ndipo nikaanza kuwaona. Kwa miaka mingi uliniambia nitazame, nami nilitazama kama mtu anayetazama saa akisubiri mwenzake amalize kuzungumza. Sasa naona. Mdudu si mkubwa kuliko chembe ya mchele uliovunjika, na mwili wake ni kioo, chakula chake unakiona kikipita tumboni kikiwa kijani. Moyo unauona ukidunda. Mimi nimesoma vitabu vya mapinduzi ya nchi nyingi na sikuwahi kuuona moyo wa kiumbe ukidunda bila mtu kupasua kifua.

Unakumbuka siku ile kando ya kijito cha Lukwambe? Niliketi juu ya jiwe nikikuhubiria. Nilisema mataifa makubwa yanataka magari yasiyotoa moshi, yanataka simu nyembamba kama biskuti, yanataka mapangaboi makubwa ya kuvuna upepo, na ndani ya vyote hivyo mna sumaku, na ndani ya sumaku mna haya madini adimu, na madini hayo wanakuja kuyachimbua kwetu ili hewa yao isafike na maji yetu yachafuke. Nilikuwa nimefika kileleni mwa hotuba. Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye tope, kitambaa cha kuchujia kiko mkononi, ukasema bila kugeuka: "Hizo habari za mataifa ziache barabarani. Niambie habari za maji haya."

Sikuwa na la kukuambia kuhusu maji yale. Ndipo uliponieleza, na nilielewa kidogo tu, ila sasa nimeelewa. Kiroboto-maji hukua kwa kuvua gamba. Kila baada ya siku chache analiacha la zamani na kujitengenezea jipya, na jipya linahitaji kalsiamu, ambayo anainyonya kutoka majini. Lanthani na ndugu zake, hayo madini adimu, ukubwa wa chembe zao unakaribiana na wa kalsiamu, basi yanasimama mlangoni na kuziba njia. Ukasema, "Ni kama wewe ukiwa umekaa kwenye kiti cha mwenzako harusini. Chakula kinapita, mwenye kiti anakosa." Na ukasema jambo ambalo ndilo lingekuja kuwa ugomvi wetu wote na kampuni ya madini: maji ya Uluguru ni laini. Sabuni inatoa povu mara moja, kalsiamu ni haba. Katika maji magumu, yenye kalsiamu nyingi, mdudu anapata nafasi ya kugombea kiti. Katika maji yetu hana pa kushika. Sumu ileile, kiasi kilekile, huku kwetu inauma zaidi.

"Umesoma dunia nzima, Mihayo," ukaniambia ukifunga chupa, "ila kiroboto hujamsoma."

Na hukuwa mtu wa kuwasoma kwa zamu ya kazi tu. Ile safari ya kutoka Dar, basi liliposimama Mikese watu wanunue mahindi, ulishuka na chupa ukazunguka nyuma ya vibanda kuchota dimbwi. Basi likakuacha. Nilikusubiri stendi ya Msamvu na mkoba wako begani, nikaona lori la nyanya linaingia, na wewe umekaa mbele na dereva, chupa umeikumbatia kama mtoto mchanga, unacheka. Nilikugombeza mbele za watu. Ukanijibu, "Mabasi yapo kila siku. Dimbwi lile kesho limekauka."

Sasa nikupe habari ya kampuni.

Bwawa lao la majaribio unalijua, ulikuwepo walipolichimba. Pale wanapoosha udongo wa madini kwa tindikali na kuacha tope lituame. Masika hii ukingo wake ulianza kuvuja upande wa bonde, taratibu, kama pua ya mwenye mafua, na maji yanaingia Lukwambe chini ya yale mawe. Ulikuwa umeshaliona. Ulikuwa unajiandaa kupima. Kisha ukafa, na wiki chache baadaye wakaja kuomba ardhi ya kuchimba mabwawa makubwa zaidi, juu kabisa ya kijito. Shamba la ukoo wenu, Mwajuma. Lile linalopita kwa wanawake, ambalo mjomba ndiye msemaji wake.

Simlaumu mjomba Kondo, na unajua kwangu kutomlaumu mtu ni kazi. Anataka barabara. Anataka mgonjwa akianguka jikoni gari lifike. Alinitazama usoni aliponiambia hivyo, na sote wawili tulijua anamsema nani.

Mkutano ukaitwa. Kampuni ikamleta afisa wake wa mahusiano, kijana mstaarabu, aliamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja, hata mimi, ambaye makala zangu dhidi yao alikuwa ameshazisoma. Akasoma ripoti: maji yamepimwa, viumbe wadogo wamejaribiwa maabara, hakuna madhara katika kiwango kinachotarajiwa. Nikauliza walijaribiwa katika maji gani. Akapekua kurasa, akasema kwa uaminifu kabisa, "Maji ya kawaida ya maabara, mzee." Maji magumu. Yaleyale uliyoniambia.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno lako moja, kwamba maji yetu ni laini, nikaketi. Badala yake, Mwajuma, nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nilinyanyuka na chupa ya maji niliyoyachota chini ya bwawa, nikasema kwa sauti ya kutosha kufika Morogoro mjini: "Kama ni salama, yanywe! Hapa, mbele ya akina mama!"

Akayanywa.

Hakusita. Alimimina kwenye kikombe, akanywa kama mtu aliyetoka shambani, akafuta mdomo kwa leso, akasema, "Asante mzee wangu, yana ubaridi mzuri." Watu wakapiga makofi. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mjomba Kondo akapaza sauti, "Mtani leo kapigwa kwa fimbo yake mwenyewe!" Nilibaki nimesimama na chupa tupu. Nilikuwa nimewafundisha watu, kwa mdomo wangu, kwamba kipimo cha maji ni tumbo la mwanamume mwenye afya. Wale ambao kikombe kile ni dunia yao yote, hakuna aliyewakumbuka.

Mikono ilikuwa inakaribia kunyooshwa kukubali. Nakwambia, nilikuwa nimeshaliuza shamba lenu. Mama yako akanyanyuka kwenye mkeka, taratibu, akajifunga kanga upya. Akasema, "Mwanangu matanga yake hayajaanuliwa. Tangu lini ukoo unagawa ardhi na msiba uko ndani?" Mikono ikarudi mapajani. Hata mwenyekiti alifunga faili. Uamuzi ukasogezwa mpaka baada ya arobaini yako.

Niliposhuka mlimani siku ile watu wawili walinifuata hadi darajani. Mmoja akaninong'oneza, "Mwandishi, andika basi kwamba wamemuua. Alikuwa anawapinga, ghafla kafa. Nani ataamini ni presha?" Sikulala vizuri juma zima kwa sababu ya maneno yale. Ningeyaandika yangewaka kama nyasi za kiangazi. Kampuni ingefungasha virago kabla sijamaliza aya ya pili. Na ninajua kuandika, Mwajuma, ninajua mahali pa kuweka alama ya kuuliza ili mtu asiweze kunishtaki.

Sikuandika. Ulikufa kwa presha. Ulikuwa na dawa ulizosahau kunywa kwa sababu ulikuwa unahesabu wadudu. Nilijiambia, mtu aliyenikataza kusema "sumu" kabla ya kupima hawezi kugeuzwa uongo na mimi, mtani wake, akiwa hana mdomo wa kunizomea. Lakini ilinigharimu. Kila siku iliyokaribia arobaini nilijua nimekataa silaha na sina nyingine, ila beseni la viroboto.

Siku mbili kabla ya hitma ya arobaini yako nilipanda na beseni na chupa mbili za Bi. Nargis. Nikamwomba mama yako na mjomba nafasi barazani. Nikamwomba mjomba amwalike na yule afisa, naye akaja, na alikuja kwa adabu. Nilisema maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu: kwamba maji yachotwe juu ya bwawa na chini ya bwawa, kwamba wadudu wa Mwajuma watiwe idadi sawa kila chupa, na kwamba tutazame hadi keshokutwa.

"Mnyamwezi atawatilia dawa," mtu akasema. Nikamjibu kwamba anasema kweli, naweza. Basi mjomba Kondo akaenda kuchota mwenyewe. Alirudi, akafunga mlango wa ndani, akajaza chupa bila mtu kumwona, akaziweka juu ya sahani mbili za bati. Chini ya sahani moja aliweka punje ya hindi. Yeye peke yake ndiye aliyejua punje iko kwenye maji gani. Mimi nilipewa chupa mbili zinazofanana, maji meupe yote mawili. Nikatumbukiza karatasi zako za kupimia tindikali, rangi ikawa moja, maana ukali wa maji ulikuwa sawa. Nikawahamisha wadudu kwa mrija, afisa akihesabu pamoja nami kwa sauti.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Walicheza chupa zote mbili kama hakuna tatizo duniani. Wapishi wa pilau wakipita na kuni wanachungulia. Mjomba akanigonga bega: "Mtani, hawa wamesikia harufu ya bizari, wamepata nguvu." Afisa akasema labda jua litawadhuru, isije ikasemwa ni maji, basi tukazisogeza chupa zote kivulini na kuzifunika kwa kanga moja. Nikashukuru. Nilitaka kuhutubia, Mwajuma. Ulimi ulikuwa unaniwasha kama niliyekula upupu. Nilitafuna mkate wa kumimina wa mama yako, kipande baada ya kipande, ili mdomo uwe na kazi. Shangazi yule wa matanga akasema, "Huyu kimya chake kinanitisha kuliko kelele."

Asubuhi ya siku ya mwisho, baada ya swala, mama yako alifunua kanga kabla ya mtu yeyote. Alitazama chupa moja, kisha nyingine. Akaniita kwa mkono.

Chupa ya kulia walikuwa wanaruka. Chupa ya kushoto maji yalikuwa yametulia. Wengi walikuwa chini kwenye kitako cha chupa, na wachache waliojaribu kupanda walipanda kwa mzunguko, wakazama. Nilimpa mama yako lenzi. Aliinama, kilemba chake kikigusa kioo. Hakuwahi kukaa darasani kwako, hukuwahi kumweleza habari ya magamba, nimemuuliza baadaye akasema hapana. Akasema, "Huyu kakwama kwenye nguo yake. Kavua nusu, nusu imemgomea. Na moyo bado unapiga."

Nikaketi chini.

Barazani palijaa watu. Wanawake walipokezana lenzi kama wanavyopokezana mtoto mchanga. Kila mmoja alikuwa anamtazama mjomba Kondo, kwa sababu punje ilikuwa yake. Sahani zilikuwa bado hazijanyanyuliwa. Angeweza kusema lolote. Punje ingekutwa chini ya sahani yoyote, yeye ndiye angesema maana yake, na barabara yake ilikuwa pale kwenye ulimi wake. Nilimwona akitazama njia ya kuelekea kaburini kwako.

Akanyanyua chupa ya kulia, ya wazima, pamoja na sahani yake. Punje ya hindi ilikuwa pale, imelowa kidogo. Akasema, "Hii ndiyo ya juu." Kisha akaionyesha ya kushoto kwa kidevu, kama mtu asiyetaka kuigusa. "Na hiyo ni ya kwao."

Yule kijana wa mahusiano aliomba lenzi. Alitazama, akatazama tena. Alisema kwa sauti ndogo, si ya ubishi, ya mtu anayejiuliza, "Lakini mimi niliyanywa."

Mjomba Kondo akamgeukia. "Ulikunywa kikombe, mwanangu, ukapanda gari. Hawa hawana gari."

Hakuna makala yangu hata moja iliyowahi kusema vizuri hivyo. Nimeona wivu mpaka leo.

Tukasoma hitma, tukala, wakakusomea dua, mkeka ukakunjwa. Matanga yako yakaanuliwa. Alasiri ileile ukoo ukakaa, wanawake mbele, na jibu likawa kwamba hakuna shamba litakalotolewa juu ya kijito, na bwawa lililopo liondolewe tope lote kabla ya mazungumzo mengine. Afisa aliandika. Aliahidi kufikisha. Sidhani kama ni mwongo. Nadhani walio juu yake hawajawahi kuona moyo wa kiroboto.

Usifikiri nimelewa ushindi. Nakusikia. "Umejuaje ni lanthani, Mihayo? Umejuaje si chuma, si kitu kingine walichooshea udongo? Karatasi ya tindikali ndiyo ushahidi wako?" Sijui, Mwajuma. Ninachojua ni kwamba maji ya juu yanawafaa na ya chini hayawafai. Nimeyapeleka maji ya chupa zote mbili maabara mjini, kwa wenzako, na nasubiri. Wanaweza kunijibu nisilolipenda. Kampuni inaweza kwenda ngazi za juu na kurudi na muhuri. Bwawa bado linavuja ninapoandika. Jana nilisimama pale chini ya mawe, nikachota kwa kitambaa chako cha kuchujia mahali ulikokuwa ukipata wadudu wengi, nikakuta majani na mchanga. Mchanga tu. Nilichuja tena na tena hadi vidole vikafa ganzi.

Kwa hiyo hawa walio kwangu Kilakala dirishani, wazao wa wale uliowachota Lukwambe mwenyewe, huenda ndio wa mwisho wa maji yale. Sikulijua hilo nilipomkataa kuku. Mama yako nadhani alilijua.

Kwaheri, mtani. Huko uliko kama kuna mito, naamini umeshapiga magoti kwenye tope na watu wa peponi wanakusubiri usogee wapite. Nakuahidi hivi: sitaandika neno moja zaidi ya yale ambayo wadudu wako wameyasema, na yale watakayoyasema sitapunguza hata moja. Na nitawaweka hai. Nikisafiri, mke wangu atawalisha, ameshajifunza kipimo cha hamira kuliko mimi.

Juzi mjomba Kondo alinifuata njiani na kuku mwingine kwapani. "Haya sasa, msiba umekwisha, matanga tumeanua, chukua ukombozi wako uturudishie mateka." Nikamkataa tena. Nimemwambia beseni halikomboleki mpaka siku nitakayowamwaga wadudu wako pale chini ya mawe, niwatazame hadi wavue magamba yao mpaka mwisho. Siku hiyo nitamdai. Na nimemwambia ajiandae mapema, kwa sababu kwa kero mliyonipa ninyi Waluguru, kuku hatatosha. Nitataka jogoo.

Mtani wako,
Mihayo
Kilakala